Msuli Juu au Mtweko? Kuhusu Istilahi za Mazoezi ya Pete

Mwaka 1967 ulizaa mabaraza mawili. Sheria Na. 12 ya mwaka huo iliunda Baraza la Michezo la Taifa, na Sheria Na. 27 ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mtu angedhani kwamba ndugu hao wa umri mmoja wangetembeleana mara kwa mara. Katika kandanda hawakuwa na haja kubwa ya kutembeleana, kwani watangazaji wa redio waliifanya kazi wenyewe: mlinda mlango, mpira wa adhabu, kuotea, benchi la ufundi. Maneno hayo yalienea hewani na umma ukayapokea. Mazoezi ya viungo hayakupata bahati hiyo. Hayana mtangazaji. Hufundishwa kwa mdomo, mwalimu akiwa kando ya mwanafunzi, na neno likikosewa hakuna maelfu ya wasikilizaji wa kulisahihisha. Anayelipa ni yule aliyening'inia.

Karatasi nne zilizopigwa chapa zimetufikia kutoka Mpanda, mkoani Katavi. Zimetungwa na mwalimu mmoja wa Elimu kwa Michezo, ambaye jina lake tunaliweka kando kwa kuwa tunahakiki maneno yake, si nafsi yake. Zinaeleza jinsi kijana anavyoweza kujijenga kwa miezi kadhaa hata aweze kushika pete mbili za mbao zinazoning'inia kwa kamba, ajivute, apite katikati yake, na kuishia juu, mikono imenyooka na pete ziko ubavuni. Waingereza wameliita zoezi hili kwa jina lililounganisha neno la misuli na neno la juu. Vijana wa mijini hulitamka masolapu, kama walivyozoea kutamka pushapu.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza kama jambo hili linastahili kurasa za jarida la istilahi. Twaona linastahili, na mahali lilikotoka ndiko kunakolipa uzito. Katavi ni mkoa tangu mwaka 2012, ulipotengwa na Rukwa. Mpanda ni mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua. Darasani humo huketi Mpimbwe, Mkonongo, Mbende, Mfipa na Msukuma, pamoja na watoto na wajukuu wa wale waliopokelewa Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi katika miaka ya 1970. Mwalimu wa mahali kama hapo hawezi kuponea lugha ya mama, kwa sababu mama ni wengi. Wala hawezi kuponea Kiingereza. Ana Kiswahili tu. Kiswahili kikimwangusha, hana cha kukamata.

Tuanze na jina lenyewe. Mwalimu ameliandika "msuli juu", na kitendo chake "kupandisha msuli". Hii ni tafsiri sisisi isiyo na kificho, na aibu yake ya kwanza inaonekana mara moja: msuli, kwa Mswahili wa pwani, ni nguo anayojifunga mwanamume kiunoni. Kupandisha msuli ni kazi ya mtu anayevuka kijito. Wanafunzi nao wana lao. Kwao kupiga msuli ni kukesha na vitabu. Lakini tusiishie kwenye kicheko. Hata kama neno msuli lisingekuwa na maana nyingine hata moja, jina hili lingebaki baya, kwa kuwa lile la Kiingereza lenyewe ni baya. Halielezi kinachotendeka. Linamwambia mwanafunzi kwamba misuli ndiyo inayompandisha, na kwamba asiyepanda hana misuli ya kutosha. Mfasiri amehamisha kosa la wenyewe pamoja na mizigo yake.

Kinachotendeka ni hiki. Zoezi lina sehemu tatu. Katika ya kwanza mwili huvutwa kutoka chini mpaka pete zifike kifuani. Katika ya tatu mwili husukumwa kutoka kifuani mpaka mikono inyooke. Sehemu hizo mbili ni za nguvu, na kijana aliyezoea kujivuta kwenye tawi la mwembe na kupiga pushapu hupata nguvu hizo kwa subira. Lakini kati yake kuna ya pili, fupi kama kupepesa macho, ambamo kuvuta hugeuka kuwa kusukuma. Mikono iliyokuwa chini ya pete hujikuta juu yake. Visugudi vilivyokuwa vikitazama ardhi huenda nyuma na juu. Kichwa na kifua hutangulia mbele. Hapo wengi hukwama, na hapo wengi huumia. Ni suala la ufundi kuliko nguvu. Mtu mwenye mikono minene aweza kukwama hapo mwaka mzima, na msichana mwembamba aliyefundishwa vizuri akapita.

Sasa mpe kijana jina linalosema "pandisha msuli". Atafanya nini akikwama? Atarusha miguu, atajitupa kwa kishindo, na uzito wote wa mwili utaangukia bega likiwa limerudi nyuma, mahali ambapo ni dhaifu kuliko pote. Misuli huongezeka nguvu upesi. Kano, yaani zile nyuzi ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, hukomaa polepole zaidi. Mwalimu analijua jambo hili, kwani katika karatasi ya tatu anaonya kwamba "mishipa huchelewa". Onyo ni la kweli, neno si sahihi. Mshipa katika Kiswahili cha kila siku hubeba damu, hubeba hisia, huvimba shingoni mtu akikasirika, na huitwa pia ugonjwa. Neno kano tunalo, ni fupi, na wachinjaji wanalijua. Litumike.

Tunafika kwenye mstari ambao kwa maoni yetu ni wa hatari kuliko yote. Twaunukuu kama ulivyo: "Shika pete kwa mshiko wa uongo, kiwiko kikiwa juu ya pete, kisha pandisha msuli kwa nguvu zako zote mpaka umalize mpito."

Mshiko wa uongo! Msomaji asiyejua asili yake atadhani anaambiwa ajifanye ameshika. Waingereza waliuita hivyo pengine kwa kuwa si mshiko wa kawaida wa vidole. Lakini kwa anayejitweka hakuna mshiko wa kweli kuliko huo. Kifundo cha mkono hukunjwa na kuwekwa juu ya pete, hata pete ikapita kwa mshazari kutoka kwenye kidole gumba mpaka chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Faida yake ni kwamba kigasha kimekwisha kuwa juu ya pete tangu mwanzo, na wakati wa kugeuza hakuna haja ya kuachia na kushika upya. Basi na uitwe kwa kile unachokifanya: mshiko wa kifundo. Anayesikia jina hilo amekwisha kufundishwa nusu ya zoezi.

Na kiwiko je? Hapa tunamwonea huruma mwalimu, kwa sababu amenaswa na mtego ambao si yeye aliyeutega. Kwa watu wengi leo kiwiko ni pale mkono unapokunjikia katikati; kwa wengine ni pale kiganja kinapoungana na kigasha; na wapo wanaosema kiwiko cha mguu. Katika barua au hadithi tofauti hiyo haimdhuru mtu. Katika maelekezo ya pete, mwanafunzi wa kwanza atakunja kifundo kama mwalimu alivyokusudia, na wa pili atajaribu kuingiza kisugudi chake ndani ya pete. Sisi twashauri kwamba katika maandishi ya mazoezi, na ya tiba pia, neno kiwiko liachwe kabisa mpaka litakapopata maana moja. Kwa pale juu ya kiganja tuna kifundo cha mkono. Kwa pale mkono unapokunjikia tuna kisugudi, na wengine wana kivi. Kwa kilicho kati yake tuna kigasha, neno zuri lililolala kamusini kama jembe lisilo na mpini. Tumekwisha kulitumia hapo juu, na hatudhani kwamba msomaji alijikwaa.

Makosa mengine tuyapitie upesi. "Marudio hasi" ni kule kujishusha polepole kutoka juu, njia nzuri sana ya kujenga nguvu kwa asiyeweza bado kupanda. Lakini hasi ni neno la hesabu, na mtoto atauliza anarudia mara ngapi pungufu ya sifuri. Kujishusha polepole kunatosha. "Mning'inio mfu" tungependa usionekane tena katika karatasi yoyote ya shule. Neno la kufa, neno la kuning'inia na neno la kamba zikikutana katika ukurasa mmoja, mwalimu mkuu ataita polisi. Iandikwe kuning'inia mikono ikiwa imenyooka. "Mpito" si kosa la sarufi, ila limezoea kukaa na serikali na vipindi vya siasa. Kwa sehemu ile ya pili twapendelea mgeuzo, kwa kuwa mikono hugeuzwa kweli kweli, na mwalimu aweza kupaza sauti "geuza!" kwa wakati ufaao. Hawezi kupaza sauti "pita!" pasipo wanafunzi kusogea kando.

Turudi kwenye jina kubwa. Utaratibu uliozoeleka katika uundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na ndipo kutohoa. Mwalimu ameruka ngazi zote tatu. Katika ngazi ya kwanza alikuwa na kitenzi tweka. Tanga hutwekwa, bendera hutwekwa. Kitu kilichokuwa chini huvutwa kwa mikono mpaka kikae juu mahali pake. Ndugu wa kitenzi hicho ni twika, anachokifanya kila siku mama anayetoka kisimani. Mtazame anapojitwika ndoo bila msaidizi. Kwanza huivuta kutoka ardhini mpaka kifuani. Kisha, kwa nukta moja, viganja na visugudi hugeuka na kuingia chini ya ndoo. Mwisho huisukuma mpaka kichwani. Kuvuta, kugeuza, kusukuma: ndilo zoezi letu sehemu kwa sehemu, ila katika pete mzigo ni mwili wa mwenyewe. Na mama huyo hasemi kwamba amepandisha msuli. Akimwagikiwa maji, anajua kwamba amegeuza vibaya.

Kwa hiyo twapendekeza kitenzi kujitweka na nomino mtweko. Faida yake si uzuri wa sauti tu. Kitenzi kinanyumbulika: anajitweka, hajitweki bado, walijitweka; na mwenzake anayemsaidia kwa kumshika kiunoni anamtweka. Anayejitweka taratibu pasipo kurusha miguu amefanya mtweko wa nguvu. Anayejibembeza kwanza amefanya mtweko wa bembea. Masolapu haliwezi kazi hiyo. Litabaki nomino isiyonyumbulika, likikokotwa na kitenzi kupiga kila liendako. Hatusemi hivyo kwa chuki ya kutohoa. Pushapu limeingia na limekaa, na hatuoni sababu ya kulifukuza; lakini pushapu halimdanganyi mtu, kwa kuwa kila mtu ameiona pushapu. Mtweko wengi hawajauona, na jina ndilo picha yao ya kwanza.

Twajua pingamizi litakalotolewa. Tweka ni neno la pwani, la vyombo na matanga, na Mpanda haina tanga. Ni kweli kwamba kijana wa huko atasema kwanza kujipandisha. Lakini twika analijua kila anayechukua mzigo kichwani, na kutoka twika hadi tweka ni hatua moja ya irabu. Tena tungemwomba mwalimu asiishie hapa. Mkoa wake ni wa misitu ya miombo na ya asali. Mizinga imepachikwa juu ya miti tangu zamani, na mrina asali anayefika kwenye tawi nene lazima ajivute, alalie kifua, kisha ajisukume mpaka akae juu yake. Watu wafanyao hivyo kizazi baada ya kizazi hawakosi neno la tendo lao. Ngazi ya tatu ya utaratibu wetu, ile ya lugha za Kibantu, iko nje ya dirisha la darasa lake. Akiliuliza na kuliandika, nasi tukaliona ni bora kuliko mtweko, tutaliacha la kwetu pasipo kinyongo.

Kuhusu pete hatuna ugomvi. Wapo waliotaka bangili, kwa kuwa pete ni ya kidole. Lakini pete ya chuma na pete ya kamba zimo katika lugha siku nyingi, na kitanzi, ambacho pia kilitajwa, kina sifa mbaya mno. Pete zimekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Athens mwaka 1896, na vipimo vyake vinajulikana: upana wa ndani sentimita 18, unene milimita 28, umbali kati ya pete na pete sentimita 50, kimo mita 2.8 kutoka sakafuni. Mwalimu amevinakili bila kosa, jambo la kusifiwa. Ila anashauri kwamba seremala azikate pete katika ubao mmoja wa mninga. Mninga ni mti wa heshima, na Katavi unapatikana. Lakini pete ikikatwa katika ubao mmoja, nyuzi za mti zitakuwa fupi katika pande mbili, na hapo ndipo itakapopasuka mtu akiwa juu. Zile zinazouzwa hutengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Huu si uhakiki wa lugha, twakiri, lakini hatukuweza kuunyamazia.

Neno moja la jumla limetusumbua kuliko mengine: lile la ustadi wa kutenda. Karatasi zinasema "nguvu na mbinu". Mbinu katika Kiswahili ina harufu ya hila. Mtu hutumia mbinu ili amshinde mwenziwe, au aepe kodi. Kijana akiambiwa kwamba bado hana mbinu, atatafuta njia ya mkato. Akiambiwa hana ufundi, atajua kwamba lazima ajifunze kama ajifunzavyo ufundi wowote, kwa kurudia mbele ya fundi. Watangazaji wa mpira walilijua hili. Benchi lao ni la ufundi, si la mbinu.

Yatupasa kukumbuka kwamba taifa hili lilikwisha kuwa na mafundi wa viungo. Mwaka 1965 vijana 20 walipelekwa China kujifunza sarakasi, na waliporudi baada ya miaka minne kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi, mwaka 1969. Vikundi vya sanaa vya taifa vilipovunjwa, kazi ya kufundisha ilihamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mwaka 1981. Watu hao walisimama juu ya mabega ya wenzao na kupinduka hewani, na bila shaka walielekezana kwa maneno. Orodha ya maneno hayo hatujapata kuiona. Halaiki nazo, ambazo ni desturi ya sherehe zetu, huwafundisha watoto mamia kupanga maumbo na kupandana mabegani. Mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa mkoani Katavi mwaka 2017, na walimu wanaoandaa shughuli za namna hiyo wana msamiati ambao haumo katika kamusi yoyote. Maofisa utamaduni wa wilaya wangeweza kuukusanya kwa daftari na kalamu. Ni kazi ya wiki mbili.

Kwa kuwa si haki kuharibu mstari wa mtu na kumwachia mahame, tumeuandika upya: "Kunja kifundo cha mkono na ukiweke juu ya pete. Jivute mpaka pete zifike chini ya kifua, zikiwa karibu na mwili. Tanguliza kichwa na kifua mbele, geuza, visugudi viende nyuma bila kutawanyika. Jisukume mpaka mikono inyooke. Ukikwama kwenye mgeuzo, usirushe miguu. Jishushe polepole, kisha ushushe pete mpaka zifike kifuani ukiwa umesimama, ujifunze kugeuza miguu ikiwa chini." Mstari umekuwa mrefu zaidi ya mara mbili. Karatasi ni rahisi kuliko bega.

Limebaki jina la kile kikao cha juu, mtu akiwa ametulia, mikono imenyooka, pete zimegeuzwa nje kidogo na zinatetemeka chini yake. Mwalimu ameandika "tegemeo". Neno lililotufaa zaidi ni kujitegemea, kwa kuwa ndicho anachokifanya hasa. Lakini tangu Azimio la Arusha neno hilo lina kazi nyingine, na kijana aliyefika juu pete zikitetemeka huenda hana nafasi ya kufikiria siasa. Mpaka mmoja wa wasomaji wetu atuletee lililo bora, tegemeo libaki.